Gari Lake, Mbwa Wangu

Kina dada mpo? Na nyie kina kaka mnaousoma ukurasa huu saluni huku mnamsubiri mtu amalize kusukwa, msijifiche, najua mpo. Karibuni, leo pana la kwenu pia.

Mwezi huu nataka tuongelee kuhama. Sio kuhama Tabata kwenda Mbezi na Kirikuu moja iliyojaa masufuria, hapana. Naongelea kuhama nchi. Siku hizi kila ukoo una mtu wake aliyeko majuu, na kila anayeondoka hupewa ushauri uleule: viza, koti zito, dagaa wa kukaanga na unga wa muhogo. Hakuna anayekwambia kwamba ndoa yako inaweza kutikiswa na vitu ambavyo hata kwenye fomu ya viza havimo. Namaanisha kile anachokipenda yeye, na kile unachokipenda wewe, wakati pesa inatosha kimoja tu.

Kwetu sisi vilikuwa gari na mbwa. Msicheke kwanza!

WAGOMBEA WAWILI

Gari ni RAV4 ya mwaka 2004, ya petroli, rangi ya fedha. Mwenzangu aliinunua kabla hajanioa, kwa mkopo wa kazini aliokatwa kwenye mshahara miaka mitatu mizima. Ndiyo ilitupeleka ukweni kutoa mahari. Ndiyo ilinikimbiza hospitali kujifungua, saa nane za usiku, barabara ya Kinyerezi imejaa maji mpaka kwenye bampa. Kila Jumamosi aliiosha mwenyewe, hakuna kijana wa mtaani aliyeruhusiwa kuigusa na tambara lake.

Mbwa anaitwa Popi. Ni jike, kahawia, nusu German shepherd na nusu mbwa wetu hawahawa wa uswahilini, kilo 24. Nilimchukua akiwa na miezi miwili, enzi naishi peke yangu kwenye nyumba isiyo na uzio. Wanawake mnaoishi peke yenu mnanielewa. Usiku mmoja watu walijaribu dirisha langu, na aliyewafukuza hakuwa jirani wala ulinzi shirikishi, alikuwa Popi, na wakati huo hata mwaka hakuwa ametimiza.

Basi mwaka 2024 mwenzangu akapata kazi Birmingham, Uingereza. Mwajiri akalipia tiketi zetu na za watoto, basi. Akiba yetu ilitosha kusafirisha kitu kimoja kikubwa. Yeye akasema gari linaenda. Mimi nikasema Popi anaenda. Akanitazama kama nimemwambia naondoka na mti wa mwembe.

"Mbwa? Mama, mbwa kweli?"

"Na wewe bati la miaka ishirini?"

Jamani, neno "bati" lilitugharimu siku mbili za kununiana.

KILA MTU AKAMCHUNGUZIE MWENZAKE

Aliyetuokoa ni mama mmoja mtu mzima wa kanisani ambaye huwa tunamwendea mambo yakitushinda. Alitusikiliza, kisha akatoa kazi ya nyumbani. "Wewe mke, kafuatilie kila kitu cha kusafirisha gari. Wewe mume, kafuatilie kila kitu cha kusafirisha mbwa. Mkutane baada ya wiki mbili, kila mmoja amtetee mteja asiyempenda."

Shosti, ukichukua kimoja tu kwenye ukurasa wa leo, chukua hiki. Mkibishana juu ya kitu, kila mtu huenda kutafuta habari za kujenga hoja yake. Ukilazimishwa kutafuta habari za kitu cha mwenzio, unakuta ana akili kuliko ulivyodhani. Na hakuna anayeweza kusema "umenificha", maana aliyeleta habari mbaya ni yule aliyepewa kazi ya kukitetea kitu chenyewe.

NILICHOKIKUTA KWENYE GARI

Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba gari haliwezekani. Nikakuta linawezekana kabisa, tena kwa Mtanzania ni rahisi kuliko kwa watu wa nchi nyingi. Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wetu wa kulia hauna shida.

Halafu kuna kodi. Gari la kawaida likiingia Uingereza linatozwa ushuru wa forodha asilimia 10, kisha VAT asilimia 20 juu ya jumla. Tupige hesabu ya mfano. Gari na usafiri wake vikiwa na thamani ya pauni 3,000, ushuru ni pauni 300. VAT inahesabiwa kwenye pauni 3,300, inakuwa pauni 660. Jumla unalipa pauni 960 kabla hata hujaliwasha.

Lakini anayehamia kule anaweza kusamehewa yote. Msamaha unaitwa Transfer of Residence, unaombwa kwa mamlaka yao ya kodi, HMRC. Masharti yake makubwa ni haya: uwe umeishi nje ya Uingereza miezi 12 mfululizo au zaidi, na gari uwe umelimiliki na kulitumia angalau miezi sita kabla ya kuhama. Na baada ya kuliingiza, hulisogezi kwa mtu mwingine kwa miezi 12: hakuna kuuza, kukodisha wala kuazimisha. Mwenzangu alikuwa anatimiza yote. Nilimwambia hivyohivyo, sikupunguza neno.

Kasheshe ilianzia baada ya hapo. Meli zinachukua gari kwa njia mbili: linaendeshwa na kuingia lenyewe melini, au linafungiwa kwenye kontena. Kontena la futi 20 linameza gari moja dogo na maboksi machache ya vyombo. Mwaka ule meli nyingi zilikuwa zinaikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi yaliyoanza mwishoni mwa 2023, zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Safari ndefu, bei nayo juu. Wakala tuliyemwendea alitupa bei iliyofika zaidi ya nusu ya thamani ya gari lenyewe.

Likifika, una siku 14 za kuitaarifu HMRC kupitia mfumo wao wa NOVA, ndipo uende DVLA kuliandikisha. Gari likizidi miaka 10 haliendi kwenye ule ukaguzi mkubwa wa magari mageni, ila mtihani wa kila mwaka wa usalama, MOT, haliukwepi. Dashibodi isome maili, sio kilomita peke yake. Nyuma pawe na taa ya ukungu, upande wa kulia au katikati, na magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hayana. Juu ya yote kuna bima: kampuni nyingi zikisikia gari limeagizwa moja kwa moja, bei inapanda au simu inakatwa.

Halafu Birmingham yenyewe. Tangu Juni 2021 katikati ya mji pana eneo la hewa safi. Gari la petroli lisilofikia kiwango cha Euro 4 linalipa pauni 8 kwa kila siku linaloingia. London ndiyo usiseme: eneo lao la ULEZ lilitanuliwa tarehe 29 Agosti 2023 likafunika mitaa yote ya jiji, pauni 12.50 kwa siku. Gari la petroli la kabla ya mwaka 2006 mara nyingi halifikii kiwango hicho, na kama linafikia, kazi ya kuthibitisha kwa makaratasi ni yako mwenye gari. Kazi mpya ya mwenzangu ilikuwa katikati ya mji. Pauni 8 mara siku 20 za kazi ni pauni 160 kwa mwezi, na hapo hujaweka mafuta.

ALICHOKIKUTA KWENYE MBWA

Yeye naye alirudi na daftari. Hakika nilimpenda upya siku ile, maana aliandika kila kitu kwa mwandiko wake wa kihasibu, na mistari ya rula.

Waingereza wanaogopa kichaa cha mbwa kuliko tunavyoogopa malaria. Zamani mbwa yeyote kutoka nje alikuwa anawekwa karantini miezi sita. Mpango wa hati za wanyama ulipoanza mwaka 2000, nchi chache zikaruhusiwa kukwepa karantini. Sisi wa nchi zisizo kwenye orodha yao tulisubiri mpaka Januari 2012 ndipo nasi tukapewa njia. Njia yenyewe ni ndefu, na ukiruka hatua moja unarudishwa mwanzo.

Kwanza chipu. Ni kidude kama punje ya mchele, kinachomwa chini ya ngozi ya shingo. Chipu itangulie chanjo au viende siku moja. Mbwa akichanjwa kabla ya chipu, kwao chanjo hiyo haihesabiki, hata kama kadi unayo.

Pili chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa akiwa ametimiza wiki 12.

Tatu, angalau siku 30 baada ya chanjo, anatolewa damu. Damu inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa, na ya Popi ilikwenda Afrika Kusini. Majibu yafike 0.5 au zaidi katika kipimo cha kinga.

Nne, unasubiri miezi mitatu kamili tangu siku damu ilipotolewa. Sio tangu majibu yalipotoka! Wengi wanachanganya hapo. Kwa hiyo toka chipu mpaka ndege, jihesabie zaidi ya miezi minne.

Tano, dawa ya minyoo ya tegu anaimeza mbele ya daktari wa mifugo, kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kutua. Ikiwa saa 23, haifai. Ikiwa saa 121, haifai. Hapo hakuna "samahani mkubwa".

Sita, cheti cha afya kinachosainiwa na daktari wa mifugo wa serikali, na mbwa afike ndani ya siku 10 tangu sahihi. Na mwenye mbwa asafiri ndani ya siku tano kabla au baada ya mbwa, la sivyo anahesabiwa kuwa mzigo wa biashara na masharti yanabadilika.

Mbwa haingii Uingereza kwa ndege akiwa miguuni pako au kwenye begi. Isipokuwa wale wa kuwaongoza wasioona na wenzao wa kazi hiyo, wote wanaingia kama mzigo, kwenye boksi lao. Na boksi hilo ndilo linalokula pesa. Mashirika ya ndege hayatazami kilo peke yake, yanatazama nafasi. Unapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, unazidisha, unagawanya kwa 6,000. Boksi la Popi lilikuwa 100 kwa 65 kwa 75. Zidisha, gawanya, unapata kilo 81 na ushee. Mbwa wa kilo 24 analipiwa kama jibaba la kilo 81! Lakini huwezi kubana, kwa sababu kanuni ya IATA inataka mnyama aweze kusimama bila kuinama, kugeuka na kujilaza.

Mwenzangu alipomaliza kusoma akafunga daftari, akasema, "Kodi yake anasamehewa, wanyama wa nyumbani wamo kwenye msamaha uleule wa kuhama. Ila pesa yote kwa jumla ni karibu sawa na ya gari." Tukatazamana.

MANENO YA MAMA MKWE

Sasa hapa ndipo penye moto, na najua ndipo wengi mtaniandikia.

Habari zikafika kwa mama mkwe kwamba mkwewe anataka kumpandisha mbwa ndege. Akanipigia mwenyewe. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema, "Mwanangu, mimi nina miaka sabini na moja. Hiyo ndege naiona juu tu. Paa langu linavuja, nimewaambia tangu mwaka juzi. Leo mbwa ndiye anakwenda Ulaya?"

Nikasema, "Mama, nimekusikia." Sikuwa na jingine la kusema.

Tusidanganyane, wapenzi. Sisi hatujalelewa na mbwa chumbani. Mbwa wetu analala nje, anakula ukoko, anafunguliwa usiku. Majirani zangu wengi ni Waislamu, kwao mate ya mbwa ni najisi, na miaka yote nilimfunga Popi wakija kunisalimia, kwa heshima tu. Na kwenye nchi ambayo mtoto akiumwa na mbwa mama anahangaika kutafuta sindano, mtu akikushangaa unapolipia mbwa ndege hakuonei wivu. Anakuuliza swali la haki: hiyo pesa ingefanya nini kingine?

Kwa hiyo tulikwenda kwake Muheza, wote wawili, na daftari. Mwenzangu akamsomea mama yake hesabu zote, za gari na za mbwa. Akamwambia gari likiuzwa hapa nyumbani pesa inapatikana, likisafirishwa pesa inatoka. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo ukoo mzima, pamoja na kelele zake zote, haukuwa umeliuliza.

"Huyo mbwa akibaki, nani atamchukua?"

Kimya. Shangazi akaangalia dari. Shemeji akaangalia simu. Kila mmoja alikuwa na maoni juu ya Popi, hakuna aliyekuwa na banda.

Mama mkwe akasema, "Gari likibaki litapata mwenyewe kesho asubuhi. Basi aliyefuga kiumbe aondoke na kiumbe chake. Ila paa langu kwanza."

Paa lake likawa la kwanza.

ILIVYOKUWA

RAV4 iliuzwa kwa kijana mmoja wa Goba. Mwenzangu aliiosha asubuhi ile, akajaza upepo, akamwonyesha kijana yule namna ya kufungua mlango wa nyuma unaokwama. Jioni hakula. Mimi nilinyamaza nikamkalia karibu. Kina dada, mwanaume akihuzunikia gari msimwambie "ni gari tu". Kama mbwa wako si mbwa tu, basi na gari lake si gari tu.

Pesa ikagawanywa mbele ya mama: mabati na mbao kwanza, kisha safari ya Popi, kilichobaki kikawa mbegu ya gari jingine. Na tukaandikiana, kabisa kwenye karatasi, kwamba kitu kikubwa cha kwanza kununuliwa ughaibuni ni gari, na atachagua yeye bila mimi kutia neno.

Haikwenda kama maji. Shirika la kwanza la ndege lilitukatalia wiki mbili kabla ya safari, joto la Februari hapo Dar likawa sababu, na tarehe zote za cheti na dawa ya minyoo zikapangwa upya. Aliyekimbizana na ofisi za mifugo mpaka cheti kipya kikatoka alikuwa mwenzangu, sio mimi. Popi alipelekwa usiku kukwepa joto. Hakupewa dawa ya usingizi, kwani wataalamu wanaikataza: mnyama aliyelewa dawa hawezi kujisawazisha wala kupumua vizuri huko juu. Badala yake boksi lilikaa sebuleni wiki sita, analala humo na shati langu la zamani. Akapokelewa Heathrow, kwenye kituo chao cha kupokelea wanyama, akakaguliwa makaratasi na chipu kwa saa kadhaa, tukamfuata kwa barabara.

Na baridi? Mwenzangu ndiye anayemtembeza, saa kumi na mbili asubuhi, mvua au theluji. Mwanzo alisema ni zamu. Wageni wapya mnajua ile miezi ya kwanza ughaibuni: unatoka kazini giza, unaingia kazini giza, mwezi unakatika hujaongea na mtu nje ya ofisi. Waingereza hawakusalimii njiani, lakini mbwa wako wanamsalimia. Kwa sababu ya Popi mume wangu anajua majina ya watu tisa mtaani kwetu. Mzee mmoja Mjamaica ndiye aliyemwelekeza duka la ndizi mbichi na fundi wa magari asiyelangua. Naye hapo ndipo alipoinunua Yaris yake, ya mtumba, inayoruhusiwa kuingia mjini bila kulipa zile pauni 8.

Msidhani RAV4 imesahauliwa. Mpaka leo namkuta usiku anatazama matangazo ya magari ya Dar kwenye simu. Simuulizi. Anayo haki.

KABLA HUJAFUNGA BOKSI

Nawapa orodha fupi, ikateni muibandike jikoni.

Angalia aina ya mbwa wako. Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro wamepigwa marufuku Uingereza, na XL Bully akaongezwa tarehe 31 Desemba 2023 kwa Uingereza na Wales. Wale wenye pua bapa, kama bulldog na pug, mashirika mengi ya ndege hayawabebi kabisa, maana wanabanwa pumzi.

Tafuta nyumba kabla ya tiketi ya mbwa. Wenye nyumba wengi walikuwa wanaandika "hakuna wanyama" na hakuna wa kuwauliza. Sheria ya Renters' Rights Act ya mwaka 2025 iliweka tarehe 1 Mei 2026 kuwa mwanzo wa mpangaji wa Uingereza kupata haki ya kuomba kufuga, na mwenye nyumba kutokataa bila sababu ya maana. Hata hivyo uliza mapema, usimfiche mwenye nyumba.

Ukifika, andikisha chipu kwenye kanzidata ya kule, mvalishe mbwa kola yenye jina na anwani yako, na tembea na mifuko ya kuzolea kinyesi. Ndiyo, unazoa wewe, kwa mkono wako. Mama mkwe nilipomwambia hilo alicheka mpaka akakata simu.

Na nyie mnaorudi nyumbani, kutoka London, Muscat au Minnesota, msiniulize "na sisi je?" Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe ushuru wa forodha anayehamia nchi mwanachama kwa gari moja, iwapo amelimiliki na kulitumia huko nje angalau miezi 12. Ni gari moja, na msamaha wa mara moja. Lilete ndani ya siku 90 tangu ufike, au uombe muda zaidi mapema. Kodi nyingine ziulize moja moja kwa majina yake, kabla meli haijaondoka. Wanaorudi Kenya wakumbuke pia kwamba gari lililozidi miaka minane haliandikishwi huko. Tanzania inalipokea, ila ukongwe unaongeza ushuru. Na mbwa wa kurudi naye anataka kibali cha mifugo na chanjo, msimlete kimyakimya.

La mwisho ni la nyie wawili. Kabla ya kuuliza "ni shilingi ngapi", ulizaneni kile alichouliza mama mkwe: kikibaki, nani atakichukua? Kikiwa na wa kukichukua, kiuzeni, kigaweni, kililieni kidogo, basi. Kisipokuwa naye, hicho ni cha kwenu, na gharama yake ni ya kwenu wote wawili, hata kama mmoja hakukitaka. Halafu yule aliyeacha chake apewe deni lake kwa maandishi, na deni lilipwe. Ndoa nyingi ughaibuni hazivunjwi na baridi, wapenzi. Zinavunjwa na deni la Dar ambalo mmoja alidhani limesamehewa.

Mwezi ujao tutaongelea mashemeji wanaokuja "wiki mbili tu". Wenye visa vyenu leteni mapema. Mjipende, mpendane, na nisalimieni mbwa zenu.